Pikapu ya Baba Mwende Imewaka Saa Nane

Wasichana, leo nimejiaibisha kwa mikono yangu mwenyewe, na spana yangu mwenyewe, mbele ya soko zima la Kathiani.

Niko saiba, kwa kompyuta za kulipia, hapa Machakos mjini. Nimeshuka kwa sababu ningebaki kule ningemwuma mtu. Mtoto amelala mgongoni, vidole vimejaa grisi, na mwenye saiba anaangalia vile ninachafua kibodi yake. Aangalie!

Mnajua baba Mwende alituacha mwaka jana. Aliacha mtoto wa miezi miwili, pikapu ya bluu iliyokufa injini, na injini nyingine aliyoinunua Kyumbi, imekalishwa juu ya tairi kuukuu nyuma ya jikoni. Kila wiki alikuwa akisema, "Jumamosi naifunga." Hiyo Jumamosi haikufika.

Baada ya mazishi kaka yake mkubwa, Mutuku, alichukua logbuku, ile hati ya mwenye gari, "aiweke salama." (Salama ya nani, sikuuliza. Nilikuwa nalia.) Mwezi uliopita akaja akasimama mlangoni. Hata chai alikataa.

"Mama Mwende, hiyo gari inaota nyasi. Nimepata mtu wa vyuma vikuukuu."

"Shemeji, hiyo gari itabeba maparachichi yangu. Naifunga injini."

"Nani anafunga?"

"Mimi."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akasema mbele ya mama yao: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ujao, saa sita, kama haijawaka, inaenda.

Sasa, mimi sijawahi kufungua hata redio. Lakini fizikia nilipita, si mnakumbuka? Fundi mmoja wa sokoni alinieleza kila kitu mara moja tu, nikaandika kwa daftari. Nikasimamisha miti mitatu, nikaazima mnyororo wa kuinulia injini, na wanawake wa chama chetu wakavuta wakiimba kama tunavuna. Injini ya zamani ikatoka. Hii nyingine ikakataa kuingiana na gia boksi siku mbili nzima. Nililala chini ya gari nikalia. Nikaitukana hiyo gari. Nikaisukuma injini na goti. Klak! Ikaingia.

Na kila kitu nilichofungua nilikiosha. Kwanza mafuta ya taa, halafu sabuni ya unga, halafu naanika. (Nina mtoto mdogo. Mikono yangu haijui kushika kitu kichafu na kukiacha.)

Leo saa tano na nusu boma lilikuwa limejaa. Mutuku yuko, mtu wa vyuma yuko na lori na kamba. Mama mkwe wangu, ambaye namwita mwaitu, akaomba Mungu. Aliombea radieta, akaombea klachi, akafika kwa tairi ya spea, Mutuku akiangalia saa.

Amina. Nikapanda. Nikazungusha funguo.

Tik.

Taa zinawaka. Nikajaribu honi, ikalia vizuri kabisa. Hapo mwaitu akafunika uso na leso, kwa sababu ndivyo mwanawe alivyokuwa akipiga akifika kwa geti. Nikazungusha tena.

Tik.

"Aiya, mama Mwende," Mutuku akasema, "umefunga injini ama umefunga sufuria?"

Watu wakacheka. Hata wanawake wa chama! Wale wale waliovuta mnyororo!

Saa sita ikafika. Wakafunga kamba, wakaivuta ikatoka. Mahali iliposimama palibaki udongo mtupu wenye umbo la gari. Nilikaa hapo chini na mtoto hata sijui muda gani. Halafu nikaona wingu, nikaenda kuanua nepi. (Nepi hazijui kama umefiwa ama umeuziwa gari.)

Na katikati ya nepi mbili, nimeibana na vibanio viwili, safi, inang'aa: waya ya athi.

Niwaeleze. Ni ile waya nene ya shaba iliyosukwa kama nywele, inatoka kwa injini inashika bodi ya gari. Bila hiyo, taa zitawaka, honi italia, lakini staata itakuambia tik mpaka Yesu arudi. Niliifungua mimi. Nikaiosha mimi. Nikaianika mimi.

Nilikimbia! Mtoto mgongoni, waya mkononi, spana kwa mfuko wa aproni. Nikawapata sokoni. Walikuwa wameingia hotelini kula, pikapu imesimama nje nyuma ya lori kama ng'ombe wa mnada. Funguo iko pale pale nilipoiacha. Sikumsalimia mtu. Nikajitupa chini, boliti mbili, nikaingia ndani, nikazungusha.

IKAWAKA! Moshi, kelele, kuku wakatawanyika. Soko lote likaja. Na Mwende wangu, ambaye hajawahi kusikia gari ya babake ikinguruma, akapiga makofi mgongoni mwangu.

Mutuku akatoka na kijiti mdomoni.

"Shemeji, imewaka!" Nilipiga kelele kama bibi harusi mwenye wazimu.

Akaangalia saa. "Imewaka saa nane, mama Mwende. Mimi nilisema saa sita. Na logbuku nimeshampa mwenyewe."

Mwenyewe ni mtu wa vyuma. Mtu mpole, hata siwezi kumchukia vizuri. Akanishika mkono na grisi yote.

"Asante sana, fundi. Nilikuwa nimenunua chuma. Sasa niko na gari."

Akafungua kamba, akamwambia dereva wake alete lori nyuma, akaiendesha mwenyewe. Pale kwa kona akapiga honi. Nilikuwa nimemtengenezea gari bure, na soko lilikuwa linanipigia makofi.

Mwaitu alinikuta pale pale barabarani. Alilowesha pembe ya leso na mate, akanifuta grisi usoni kama mimi ndiye Mwende.

Basi mkiona pikapu ya bluu inapanda Kathiani na maparachichi ya watu wengine, msinicheke. Sikilizeni tu vile inavyonguruma. Hiyo injini nimefunga mimi.