Mimi, Vénant, Sauti ya Karovia

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Hatimaye dunia imejua kwamba nipo.

Nilikuwa kwenye kibanda changu hapa soko la Base Camp, katika kambi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, natangaza kwa spika mbuzi wa Mukandoli aliyepotea. Mweupe, sikio moja limekatika. Likaja gari jeupe, akashuka Mganda mwenye shati lililopigwa pasi hadi kola. Anaitwa Bob. Akasimama, akasikiliza tangazo mpaka mwisho. Hakuna aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho, hata mwenye mbuzi. Kisha akasema: "Mzee, wewe iko na sauti muzuri sana. Hii sauti ya mbuzi hapana. Hii sauti ya serikali."

Namwambia Marcienne maneno hayo hayo tangu tulipofunga ndoa.

Bob anafanya kazi Mbarara, kwenye Nyumba ya Urafiki ya nchi iitwayo Karovia. Iko mbali, kwenye baridi. Wanatafuta mtu wa kuwasomea wakimbizi habari zao, ili tupendane. Cheo changu: Sauti ya Karovia. Nimepewa na kofia ya manyoya yenye masikio. Nimeivaa mchana kutwa. Jua lilikuwa kali, macho yakaanza kuona viwiliviwili, lakini Semahoro alikuwa ananitazama. Sikuivua.

Semahoro ni jirani wa kibanda. Anachaji simu za watu. Ana spika kubwa kuliko langu na roho ndogo kuliko ya kuku. Hana kofia.

Alhamisi, 6 Machi

Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Nimeahidi kuacha sukari Kwaresima nzima. Marcienne akasema ingekuwa heri niache mipango. Nikamwambia tusimchoshe Mungu kwa mambo mawili.

Leo Mbarara. Nyumba ya Urafiki iko ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ukutani picha ya rais wao, Jemadari Mteule. Ukienda kushoto anakutazama. Ukienda kulia anakutazama. Ukiinama kufunga kiatu, bado.

Mkuu wa pale ni Mkarovia mrefu mwenye masharubu. Tunamwita Direkta. Maajabu: anasema Kiswahili! Lakini Kiswahili cha vitabuni, alichosomea huko kwao. Alinipokea hivi: "Karibu, ndugu mheshimiwa. Ujio wako umetufariji mno." Bob akanigeukia: "Boss anasema kaa chini."

Ndiyo. Kazi ya Bob ni kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Mbarara nzima haimwelewi Direkta, na Bob mwenyewe naona anakisia. Mimi nilielewa kila neno. Nilikulia kambini Kigoma, huko Tanzania, na mwalimu alinichapa fimbo kwa kila ngeli niliyoiharibu. Nilitaka kumsahihisha Bob palepale, lakini nilikuwa na keki mdomoni. (Ndiyo, ilikuwa na sukari. Ilikuwa keki ya kidiplomasia.)

Wanataka pia filamu, wanawake wa Nakivale wakiimba. Nikasema rahisi, mke wangu ndiye anaongoza kwaya ya parokia, na amekwisha kukubali.

Marcienne hajui bado.

Jumamosi, 8 Machi

Habari za kwanza! Nimesoma kwamba Jemadari Mteule amechaguliwa tena kwa kura zote, pamoja na za wapinzani wake, waliopiga kura kwa furaha wakiwa gerezani. Nimesoma kwamba baridi ya Karovia ndiyo safi kuliko zote. Nimesoma kwamba nchi zinazojiita za demokrasia zinaoza.

Mukandoli, ambaye anauza nyanya, akauliza kama Karovia wananunua nyanya. Nikasema habari haihusu nyanya. Akasema basi inahusu nini, na mbuzi wake je?

Semahoro akafungulia muziki kwa makusudi. Nikaongeza sauti. Akaongeza. Nikaongeza. Betri ikakata nikiwa katikati ya "na sasa maadui wa Karovia wata..." Watu wakangoja. Mzee mmoja amekuja jioni mpaka nyumbani kuuliza maadui watafanya nini.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Marcienne kuna marafiki wa Kanisa wanataka kupiga filamu kwaya yake. Akauliza Kanisa gani, dayosisi gani. Nikasema dayosisi ya Karovia. Mungu anisamehe, nimesema kwa sauti ya chini.

Wamekuja leo. Kwaya ikaimba wimbo wa kuomba mvua, vizuri mpaka nikasahau kwamba mimi ndiye mkurugenzi wa filamu. Bob akawagawia wanawake bendera ndogo za Karovia. Joto lilikuwa jingi, wakazitumia kujipepea. Direkta akafurahi mno. Akasema hajaona bendera zikipepea kwa moyo namna ile.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimekwenda Isingiro kwenye semina. Nchi za demokrasia zimesikia kwamba nchi kama Karovia zinawanong'oneza watu masikioni, nazo zimejibu kwa semina. Mada: Habari za Uongo na Jinsi ya Kuzitambua. Nilikwenda kwa sababu ya chakula. Semahoro naye alikuwepo, amekaa mbele, ameshika kalamu kama mtu anayejua kuandika haraka.

Mwalimu alikuwa Joanita, Mganda mpole anayefanya kazi na wafadhili wa nchi hizo. Alituchoresha Mti wa Uongo kwa kalamu za rangi. Mti wangu ulisifiwa sana. Mizizi hasa.

Wakati wa chakula nikamfuata Joanita. Nikamwambia kwamba Karovia wana Sauti, na demokrasia hawana. Je, hawahitaji mtu? Mimi naweza kuwa Karovia asubuhi na demokrasia jioni. Akacheka, akadhani natania. Kisha akaeleza: lazima kuwe na andiko la mradi, liende kwa wafadhili, lijadiliwe na wabunge wao, upande wa pili wapinge, wananchi waulizwe. Labda mwaka kesho.

Nikauliza kama mkubwa wao hawezi kuamua tu. Akasema hapo ndipo penye tofauti. Nikampa pole.

Jumamosi, 15 Machi

Siku mbaya.

Filamu imetoka. Semahoro aliipata kwenye simu akaiunganisha na spika lake, soko lote lisikie. Kwaya ya Marcienne inaonekana, bendera zinapepea, lakini wimbo wa mvua haupo. Juu yake wameweka maneno: "Sisi akina mama wa Nakivale twamshukuru Jemadari Mteule. Wana wetu wako tayari kuitumikia Karovia katika vita vyake." Sauti ni ya mwanamke. Yaani ni ya Direkta, amebana pua.

Nyirabahire, mjane wa kwaya, anaonekana karibu kabisa kwenye filamu, mdomo wazi. Mume wake alikufa vitani kule nyumbani, na mtoto wake mkubwa pia. Amebaki na Claude tu. Akakaa chini pale pale vumbini, na kitenge chake kipya. Akasema: "Ni kinywa yangu. Lakini mimi sikusema vile."

Ndipo likajulikana jambo lingine ambalo wallahi sikulijua. Bob amekuwa akiwapigia vijana simu, anawaahidi kazi ya hoteli Karovia. Claude amekubali. Wenzake wengi wamekubali. Gari linakuja Jumatatu.

Nyirabahire akanishika mkono. "Ni weye uliwaleta, Vénant. Ni weye utawatosha." Kwake kutosha ni kuondoa.

Marcienne hajanisemesha. Amenipakulia maharagwe bila kuniangalia. Heri angenipiga kwa mwiko, ningejua tumefika wapi.

Jumapili, 16 Machi

Misa. Kwaya haikuimba. Padri alihubiri juu ya shetani anayempa Bwana wetu milki zote za dunia pale jangwani. Nusu ya kanisa wakageuka kunitazama. Mimi nikageuka kumtazama Semahoro.

Baadaye nikapanda boda mpaka Mbarara kupambana na Direkta. Njia nzima nilijifunza maneno makali. Karibu na kambi ya jeshi ya Makenke nikashuka kunyoosha mgongo, na sajini mmoja anaitwa Kamugisha akataka kujua hiyo kofia ni ya nini na baridi hapana. Nikamweleza. Uso wake ukabadilika. Akasema mtoto wa dada yake alikwenda huko huko, hoteli hiyo hiyo. "Sasa anatuma picha, iko kwa uniform. Mzee, hoteli gani hiyo ya uniform?"

Nikasema kwenye hoteli kubwa wapishi huvaa sare. Akaitazama tena kofia, akaenda zake.

Pale Nyumba ya Urafiki, Direkta aliniwahi kabla sijafungua mdomo. Akasema habari zangu zimefika mpaka ikulu ya Karovia. Akasema kuanzia leo mimi ni Sauti Kuu. Kuu! Akaniomba niwaage vijana kesho kwa spika langu, naye atakuja mwenyewe kuhutubia.

Maneno makali nimerudi nayo yote, sikutumia hata moja. Kofia nimeisahau kwenye boda.

Jumatatu, 17 Machi

Leo lazima niandike yote.

Gari lilisimama sokoni. Vijana wakaingia na mabegi. Nyirabahire alikuwa ameng'ang'ania begi la Claude, Claude anamsihi kwa upole aachie, anamwambia atampigia simu kila Jumapili. Kwaya yote ilikuwa imesimama nyuma yake. Marcienne mbele, mikono kifuani, macho kwangu.

Mimi nilikuwa nimeshika mikro ya spika langu mbele ya masharubu ya Direkta. Naandika ukweli: nilikuwa nafikiria jinsi nilivyosimama vizuri.

Direkta akasema: "Vijana hawa wametunukiwa heshima ya kuunda mizinga, usiku na mchana, hadi ushindi upatikane."

Bob akatafsiri: "Boss anasema watapika kwa hoteli. Chakula muzuri. Kila mutu na kitanda yake."

Nilivumilia "kaa chini". Hili nilishindwa. Mizinga si chakula! Nikasema kwenye mikro kwamba tafsiri hiyo ni mbovu, mheshimiwa hakutaja hoteli wala kitanda, ametaja mizinga. Bob akanikonyeza, jasho linamtoka. Akasema haraka kwamba mzinga ni nyumba ya nyuki, hoteli iko na asali yake. Mukandoli akasema ni kweli, mzinga ni wa nyuki, baba yake alikuwa nao.

Sasa neno hilo lina maana mbili, na mwalimu wangu wa Kigoma asingekubali liachwe likining'inia. Basi nikamgeukia Direkta nikauliza, kwa Kiswahili bora nilichonacho: "Mheshimiwa, mizinga ya nyuki au mizinga ya vita?"

Uso wake ukachanua kama wa mtoto. Nadhani tangu aje Mbarara hakuna aliyewahi kumuuliza swali la lugha. Akanishika bega. "Ya vita, ndugu yangu! Ya vita! Nyuki hawana sauti namna ile. Watajaza na baruti. Kazi ni ya hatari, vidole hupotea, lakini Jemadari huwakumbuka wote kwa majina."

Spika langu dogo halijawahi kusikika vile. Nikatafsiri yote kwa Kirundi, lugha ya nyumbani kwetu, neno kwa neno, na vidole.

Kisha Claude akashuka. Akamchukulia mama yake begi, kana kwamba ni la mama. Mwingine akashuka. Wanawake wakalizunguka gari, wakawa wanatoa mabegi madirishani, Marcienne anaamuru kama afande. Bob alikwisha kukaa kwenye usukani. Gari likaondoka halina hata mmoja. Direkta alitupungia mkono dirishani, anafuta machozi. Nafikiri alidhani wanawake wanapiga vigelegele kwa ajili ya hotuba.

Nyirabahire akanikumbatia mbele ya watu wote. Nikamwambia sarufi ni sarufi.

Jioni Marcienne amenisemesha. Amesema Kwaresima hii nimetenda jema moja, na hata hilo sikukusudia. Kisha akaniongezea maharagwe. Nimelia kidogo, nikasingizia moshi.

Alhamisi, 20 Machi

Nyumba ya Urafiki imefungwa. Polisi walikwenda wakakuta kibali chake ni cha shule ya kushona. Bob amehamia chini, anauza magodoro.

Joanita amekuja na wakubwa wake. Wamefurahi sana. Wamesema jamii yetu ni mfano, na kwamba kamati itaundwa kuchunguza namna ya kuunda kamati. Wametoa cheti cha Shujaa wa Ukweli.

Kwa Semahoro!

Kisa eti alirekodi tukio zima kwa simu. Mimi ndiye niliyeuliza nyuki au vita! Yeye alishika simu tu! Amekitundika cheti kibandani, upande unaotazama kwangu.

Ijumaa, 21 Machi

Marcienne ameniapisha mbele ya padri: hakuna wageni tena, hakuna vyeo tena. Nimeapa kwa moyo wote. Nilikuwa nimeshika msalaba.

Saa chache baadaye akaja bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa. Nchi yake ni nyingine kabisa, haina uhusiano na Karovia, na nilimuuliza waziwazi. Haitaki filamu. Haitaki vijana. Inataka tu kuwapa watu wa soko televisheni kubwa ya bure, yenye chaneli moja. Wanahitaji mtu wa heshima wa kuiwasha asubuhi na kuhakikisha haizimwi.

Nikauliza cheo ni kipi. Akasema Balozi wa Mwanga.

Balozi!

Kesho alfajiri nakwenda Mbarara. Marcienne nimemwambia naenda kutafuta mbegu za maharagwe.