Maadui Thelathini wa Babu

Jumatano, 2 Aprili 1986
Nimekabidhi sura yangu ya kitabu cha historia ya wilaya. Mapigano ya Daraja la Mawe, 1945. Wajapani waliouawa: thelathini. Sababu: mkuki wa babu yangu, Peng Shaoqiu. Safi! Jina lake litachongwa kwenye jiwe jipya la darajani, na ukoo wa Luo ng'ambo ya mto watapasuka kwa wivu.
Furaha imedumu hadi chai ya saa nne. Bi Qin, mhakiki wetu, asiyeamini hata kalenda, kaniuliza nani aliwahesabu. Nikasema kijiji kizima. Akasema vijiji viwili jirani navyo vimeleta thelathini wao, siku ileile, na doria yenyewe ilikuwa ya watu kumi na wawili. Kumbe, akasema, walikuwa wakifa kila kijiji, wanaamka, wanaendelea na safari. Ofisi nzima hoi kwa kicheko. Ana ulimi huyu mama!

Alhamisi, 3 Aprili
Anataka shahidi? Nimemletea Mzee Long, rafiki wa babu. Nilimfundisha asubuhi nzima: thelathini, mkuki, darajani. Kosa langu pombe ya mchele. Kikombe cha kwanza, thelathini. Cha pili, sitini. Cha tatu, katungua ndege ya kivita kwa jiwe. Bi Qin akauliza kwa upole iliangukia wapi. Mzee akajibu: kwa mama mkwe wake.

Jumamosi, 5 Aprili
Qingming, siku ya kufagia makaburi. Nikamwalika Bi Qin kaburini kwetu aone babu anavyoheshimiwa. Nyama ya nguruwe, pombe, fataki. Aliyeniharibia ni bibi yangu mwenyewe! Akasema ya nini kubishana ilhali mwenyewe yupo hapa? Akatoa vipande viwili vya mwanzi, ramli ya kuulizia wafu, akaniambia, mjukuu wangu, muulize.
Nikauliza: babu, thelathini? Nikarusha. Vyote kifudifudi. Hapana. Ishirini? Hapana. Kumi? Hapana. Jasho! Watano? Vyote chali: marehemu anacheka.
Bibi naye akacheka mpaka akakaa chini. Akasema nimwache mumewe apumzike; siku ile alikuwa ndani ya shimo la viazi, kajifunika majani. Wajapani waliingia jikoni, wakachukua unga, wakadai mafuta. Bibi akawaonyesha mtungi wa mafuta ya kupaka miavuli, yasiyoliwa. Wakakaanga, wakala, wakasifu. Jioni wote vichakani, suruali mkononi. Alfajiri hawapo. Aliyekufa ni nyumbu wao tu, tena kwa uzee.
Bi Qin akauliza mbona hakusema miaka yote. Bibi akasema hakuna aliyemuuliza; wanaume walikuwa na shughuli ya kuhesabu maiti.

Jumatatu, 7 Aprili
Mkuu wetu amekubali! Jiwe litakuwa na jina la bibi, Xiang Yulan. Bi Qin kaandika mwenyewe: waliokufa, hakuna, waliougua tumbo na kukimbia, 12. Nilimsomea bibi. Akaniomba nirudie pale penye jina lake. Nikarudia mara mbili. Nimefurahi kuliko nilivyotegemea, na hata Bi Qin kanimiminia chai.
Jambo moja tu. Kumi na wawili ni wachache mno kwa jiwe kubwa namna ile. Nilipokuwa nampelekea mchongaji karatasi, nikaongeza sifuri. Mia na ishirini! Nani aliwahesabu vichakani?