Ombi la Kumrejesha Binti Yako Kiangazi Tu

Kwako Mama Mkwe,

Shikamoo. Naandika nikiwa na akili timamu, na mdomo wangu hauna shari. Binti yako alipoacha kusafisha picha kwa dawa za viwandani, akisema zinaua vyura mtaroni, nilimpongeza. Tangu hapo vyura wanaishi, anayekufa ni mimi. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mchicha. Huutwanga, huukamua kwa bitana ninazoshonea makoti, na maji yake huyapaka kwenye karatasi. Juu huweka ua, au picha ya plastiki inayopitisha mwanga, hufunika kwa kioo na kuanika juani siku nne. Palipochomwa na jua hupauka, penye kivuli hubaki kijani. Hiyo ndiyo picha. Makapi ndiyo chakula chetu.

2. Vioo vyote vya madirisha vimehamia juu ya paa. Kamba ya nguo nayo imeng'olewa, eti inatia kivuli. Mteja wangu mmoja amekwenda kuposa na suruali mbichi. Nikilalamika, mke wangu hunijibu taratibu: "Jua ni la wote, mume wangu."

3. Ajabu ni kwamba picha hizo zikishaiva haziruhusiwi kuliona jua lililozizaa, maana zitafifia. Kwa hiyo sebule yetu ni giza mchana kutwa. Shangazi yangu alisimama mbele ya sanamu ninayopimia nguo akisubiri shikamoo. Hakuipata. Ameondoka akitangaza kwamba nimemfuga mgeni asiye na adabu.

4. Hili linanitia haya. Alichapa sura yako, Mama, kwenye jani la boga. Ulitoka vizuri sana. Mbuzi wa jirani akaanzia kwenye kilemba. Nilipomwambia jirani, "Mbuzi wako amemla mama mkwe wangu," aliniuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Kwa hiyo naomba tugawane. Masika, jua linapokosekana, binti yako ni mke kamili asiye na mfano, huyo niachie. Kiangazi njoo umchukue, pamoja na kinu.

Wasalimie baba, mashemeji na watoto wote, hata wale wasioniitikia.

Mkweo mtiifu,
Fundi cherehani

Tanbihi: Nikitafuta bahasha, mawingu yamefunga ghafla. Mke wangu yuko sokoni. Nimepanda ngazi mbio, pini zingali mdomoni, nikaokoa vioo vinane. Cha tisa kilikuwa kizito, nikakivulia shati kukifunika, nikakilalia hadi mvua ilipopungua, ndipo nikakishusha. Nilipoondoa shati, chini ya kioo nimeona picha ya mikono miwili ikitunga uzi kwenye sindano. Kovu la mkasi nimelitambua: ni mikono yangu. Sikujua kama kuna mtu huitazama. Picha bado haijaiva, inataka siku mbili za jua kali, nami nimesimama mlangoni nimelowa chapachapa, naiombea mvua ipite.

Mama, usije kumchukua. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo tafadhali barua hii anza kuisoma hapa, na ukifika hapa uishie hapa.