Mawifi na Kasha la Namba Mbili

Bwana Nusu alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, povu limemjaa mashavuni, aliposikia habari iliyomfanya aruke, nusura akatwe koo.

"Kasha la chuma," kinyozi alisema, wembe ukiwa hewani. "La marehemu mwalimu wa hesabu, nyumba ile nyuma ya kituo cha mafuta. Ndani kuna dhahabu za mama yake mzazi, mikufu na bangili. Linafunguka kwa namba mbili. Basi mzee kabla hajafa akamwachia mkewe sentensi moja ya hesabu, dada yake sentensi nyingine, ili wapatane. Wapatane wapi! Mawifi wale hata salamu hawapeani."

"Si walivunje tu?"

"Fundi wa makufuli kasema atalikata kwa moto, na moto haubagui dhahabu. Wakibahatisha namba, linakwama, fundi anaitwa kulikwamua. Pikipiki yake mpya umeiona? Ndiyo imetoka humo."

Bwana Nusu alifumba macho kama mtu aliyemo katika dua. Jina lake alilipata mjini kwa sababu kila aliyekutana naye alimwahidi jambo moja: nusu kwa nusu. Hiyo nusu hakuna aliyewahi kuitia machoni.

Jioni ile ile alikuwa sebuleni kwa mjane, suti ya kijivu, uso wa kilio.

"Mwalimu ndiye aliyenitoa ujinga, mama," alisema, akijifuta chozi ambalo halikuwepo. Kwa kweli mwalimu hakumjua hata kwa kivuli. "Nimesikitika kusikia wifi yako anavyokusema. Eti unataka kula peke yako."

"Mimi?" Mjane alishika kiuno. "Yeye ndiye hatabakisha hata makombo!"

"Ndiyo maana nimekuja. Nipe sentensi yako. Ya kwake niachie mimi, nitamtoa nayo kwa maneno matamu. Kisha mimi na wewe, nusu kwa nusu."

Mjane aliitazama saa mkononi mwa mgeni. "Maneno ya marehemu hayatoki bure, mwanangu. Weka amana."

Ile saa ndiyo kitu pekee cha kweli alichokuwa nacho Bwana Nusu. Vingine vyote, pamoja na huzuni yake, vilikuwa bandia. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Akaivua.

"Alisema hivi," mjane alinong'ona. "Namba ya kwanza ukijumlisha na ya pili, unapata sitini na moja."

Kwa wifi mtu, aliyekaa chumba cha uani na cherehani yake, mambo yalikwenda vilevile, ila huyu hakutazama mkono. Alitazama miguu.

"Viatu vya ngozi hivyo? Vizuri. Viache hapo mlangoni, amana."

"Shangazi, nitarudije?"

"Kandambili za bafuni hizo. Haya, sikiliza. Namba ya kwanza ukizidisha kwa tatu, halafu ukatoa ile ya pili, inabaki saba. Na ukimwambia yule mwanamke, nitakulaani mimi mwenyewe."

Hapa tusimame kidogo kwa heshima ya elimu. Sentensi moja peke yake haina faida kwa mtu. Sitini na moja inaweza kuwa kumi na hamsini na moja, inaweza kuwa ishirini na arobaini na moja, na kila jibu linaapa kwamba ndilo lenyewe. Tapeli wa kawaida angekwama hapo. Bwana Nusu, hata hivyo, zamani aliuza majibu ya uongo ya mitihani, na ili uongo ule ufanane na ukweli ilimbidi kwanza ajifunze ukweli. Alilala chali kitandani gesti, akaziweka sentensi mbili moja juu ya nyingine, akazijumlisha. Katika moja namba ya pili imeongezwa, katika nyingine imetolewa. Zikikutana, namba ya pili inajifia yenyewe. Ikabaki namba ya kwanza mara nne, sawa na sitini na nane. Kumi na saba! Na sitini na moja ukitoa kumi na saba ni arobaini na nne.

"Mmoja ukimwondoa, aliyebaki ni wako," alijisemea, na hakuwa akifikiria namba tu. Maisha yake yote hiyo ndiyo ilikuwa njia yake.

Jumamosi alimtuma mjane sokoni na wifi hospitali kumtazama mgonjwa asiyekuwepo, kila mmoja akidhani ni mbinu ya kumzunguka mwenzake. Ufunguo wa nyumba aliukuta chini ya kopo la maua, pale alipoambiwa na mjane. Akazungusha kumi na saba, akiitaja kwa sauti. Akazungusha arobaini na nne. Kasha likaitika, ko! Dhahabu zikamtazama.

"Kumi na saba, arobaini na nne," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Wifi, umezishika?"

"Nimezishika, wifi yangu."

Mawifi walitoka wameshikana mikono. Mlangoni alisimama fundi wa makufuli, na kwa mwili wake mlango ulikuwa umejaa.

"Lakini ninyi hamsemezani!" Bwana Nusu alilalamika, kwa uchungu wa mtu aliyedhulumiwa.

"Siku ya mazishi tulilia jikoni tukapeana sentensi zetu," mjane alisema. "Kuzipatanisha ndiko kulikotushinda. Kila mwenye kujua hesabu alitaka theluthi. Tukasema, mwizi je? Mwizi hadai chochote, tena anaweka amana. Kinyozi akatusaidia kueneza habari."

"Wewe ni wa nne," wifi aliongeza. "Wale watatu walituachia miwani, mkanda na simu, lakini hesabu hawakuijua. Mungu akubariki."

Kisha alitoa mkufu wa mama yake, akamvisha mjane shingoni, na wote wawili wakalia kweli, bila kujali waliokuwepo. Ule mkufu ndio marehemu alitaka wauvae kwa zamu.

Bwana Nusu alisubiri kwa adabu. "Na amana zangu?"

"Wewe si mtu wa nusu kwa nusu?" wifi aliuliza, akajifuta macho, akampa kiatu kimoja. Mjane akampa mkanda wa saa.

Akaondoka, mguu mmoja ngozi, mwingine kandambili. Mbele ya duka la kinyozi alimsikia mwenyewe akisema, "Mawifi wale hata salamu hawapeani," na kumbe kasha lilikuwa limekwisha fungwa tena, na biashara inaendelea. Kwenye kiti alikaa mgeni mwenye povu mashavuni. Bwana Nusu alivitazama viatu vya mgeni. Kipimo kilekile cha mguu wake.

Akaingia, akaketi kwenye benchi, akaficha miguu chini yake.

"Ni kweli kabisa, ndugu," alisema. "Tena nasikia kasha lenyewe limejaa pomoni."