Gofu Halikimbii

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu ameondoka. Hakugomba, hakuvunja hata kikombe. Alikunja nguo zake polepole, akafunga lile begi la kijani, akasema anakwenda kupumzika kwa kaka yake. Nikamuuliza atapumzika mpaka lini. Akasema mpaka achoke kupumzika.

Sababu naijua. Ni sungura. Nilimwahidi kwamba sungura watatutoa kimaisha. Walichotoa ni pamba ya godoro, upande wake wa kulalia.

Mlangoni aligeuka akatazama dirisha la jikoni. Pale dirishani unaonekana mlima, na juu yake gofu la lile jumba la kale. Tangu tuoane ameniomba kitu kimoja tu: nimpandishe siku moja akalione. Hakuomba ndege wala dhahabu. Na mimi kila mara nimemjibu kwamba gofu liko pale pale, halikimbii. Leo akasema ni kweli, gofu halikimbii. Anayekimbia ni mimi.

Nyumba imepoa. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama. Nimejuta kweli kweli.

Katikati ya majuto, wazo likaja.

Jumatatu, 3 Machi

Wazo ni ziara! Watu husafiri mbali kwenda kutazama mawe ya kale, na sisi tunayo nyuma ya nyumba, yanatembelewa na mbuzi peke yao. Nitapandisha watu Jumamosi. Umati. Mbele ya umati, mgeni wa heshima: mke wangu. Ataona kwamba mumewe si mtu wa sungura tu.

Nimejiuliza mbona nisimwambie tu twende, mimi na yeye. Nimefikiri sana. Jibu ni kwamba watu wawili ni matembezi. Umati ni mpango.

Tangazo nimelichapa mwenyewe kibandani kwangu, ninakotoa fotokopi. Maneno madogo juu: Njoo Jumamosi ufurahie. Katikati, herufi kubwa za kujaza karatasi kutoka ukingo hadi ukingo: MAGOFU. Chini yake: kilimani, eneo pana, hewa safi, lete viatu imara.

Mashine yangu ina tabia ya kula upande wa kushoto. Fundi aliniambia nibadilishe rola, nikamwambia wiki ijayo. Hiyo wiki haijafika. Basi imekula MA, ikabaki GOFU. Haidhuru. Gofu moja, magofu mengi, mawe ni yale yale. Nimetoa nakala mia.

Kinyozi wa kibanda cha jirani alichungulia, akauliza mimi najua nini kuhusu lile jumba. Nikasema historia yake. Akauliza historia ya nani. Kufika mchana nikamsikia, kupitia mbao za ukuta, akimwambia mteja kwamba babu wa babu yake ndiye aliyewasimamia mafundi waliolijenga. Uongo mtupu. Kilichoniuma ni kwamba sikuuwahi mimi.

Jumatano, 5 Machi

Nimepeleka tangazo kwa shemeji, kaka yake mke wangu. Huyu ni mtu wa tai hata siku ya mapumziko. Ofisini kwao mkurugenzi anatafuta mkuu mpya wa idara, na shemeji hapati usingizi kwa ajili ya kiti hicho. Miaka yote hii ananiita "huyu bwana".

Sikuingia ndani. Nilimsikia mke wangu akikohoa sebuleni, nikaona aibu. Nikampa shemeji karatasi pale pale getini.

Akasoma. Uso ukamng'aa. Akanishika bega, akaniita shemeji. Akauliza kama anaweza kuja na mkurugenzi, maana mkurugenzi haambiwi kitu kuhusu jambo hili, analipenda kufa. Nikamwambia alete hata wakurugenzi wawili. Sikujua kama wakubwa wanapenda mawe kiasi hicho. Nimewadharau bure.

Alhamisi, 6 Machi

Shemeji amepiga simu na maswali. Mtu makini.

Kauliza mashimo yapo. Nikamwambia bila kumficha kwamba ni mengi, aangalie anapokanyaga. Kauliza yanafika kumi na nane. Nikasema labda yanazidi. Akapiga mluzi, nadhani kwa heshima. Kauliza nani anatunza nyasi. Mbuzi, nikamjibu. Akacheka sana, akasema nina utani. Kauliza mipira hupotea. Nikasema watoto wa mtaani wanapoteza mipira kule kila siku. Mwisho akauliza kuhusu fimbo, kama kila mtu anakuja na zake. Nikamwambia asihangaike, fimbo nitakata mimi mwenyewe kwenye mpera.

Akasema mkurugenzi atakuja na zake.

Ijumaa, 7 Machi

Ujumbe kutoka kwa mke wangu. Maneno machache: Nimeona karatasi. Nimefurahi. Nitakuja.

Nimeusoma nikiwa kibandani, nikausoma barabarani, nikausoma tena jikoni mbele ya lile dirisha. Mteja mmoja aliondoka na cheti cha mtu mwingine kwa sababu yangu. Potelea mbali. Anakuja.

Jumamosi, 8 Machi



Umati haukuja. Nakala zilizobaki zote nilizibandika kwenye kuta na nguzo, na aliyetokea ni shemeji, suruali nyeupe pe, kofia nyeupe, na mkurugenzi, bwana mnene mwenye viatu vya njumu na mfuko mrefu begani umejaa vyuma. Nikadhani ni vifaa vya kuchimbia. Nikajisemea, kumbe ni mtafiti. Nikawakaribisha, nikawapa fimbo zangu za mpera. Mkurugenzi aliipokea yake akaigeuza geuza kama mtu aliyepewa mwiko kwenye kikao.

Akauliza uwanja uko wapi. Nikamwonyesha magugu na mbuzi. Akauliza shimo la kwanza liko wapi. Nikamwonyesha. Nikamweleza kwamba ni choo cha kale, wenyeji wa jumba walikuwa wastaarabu sana.

Shemeji akatoa tangazo mfukoni, akaweka kidole juu ya lile neno, akaninong'oneza kwa meno yaliyobana kwamba gofu ni gofu, mchezo, wa fimbo na kijipira. Nikamwambia hapana, gofu ndilo hili, nikaupiga ukuta kofi kumthibitishia. Kipande kikadondoka.

Mkurugenzi ni muungwana. Akasema safari ndefu haiendi bure, atapiga mpira mmoja tu. Akaupiga. Ukagonga ukuta, ukarudi ukipita juu ya vichwa vyetu, mbuzi wakatawanyika, naye akarudi nyuma kuukwepa, hatua moja, ya pili, akatumbukia kwenye shimo la kwanza hadi kiunoni. Kwa haki, ndilo alilokuwa akiuliza.

Tulimvuta kwa fimbo za mpera. Kumbe zilihitajika.

Ni wakati huo, nimejikunja namvuta mtu, nilipomwona mke wangu akitokea kwenye njia. Viatu vya kutembelea. Chupa ya chai mkononi. Vikombe viwili.

Nikampigia kelele anisubiri kidogo.

Kinyozi alikuwako, amekaa kivulini akijifanya amepita tu. Akanyanyuka, akasema karibu shemeji, akamtembeza. Vyumba vyote, na ule mlango wenye nakshi, na babu wa babu yake akiwapigia mafundi kelele. Nikamsikia mke wangu akicheka. Kicheko kile sijakisikia tangu kabla ya sungura. Nilipomaliza kumfuta mkurugenzi matope, chai ilikuwa imekwisha. Kikombe cha pili amenywea kinyozi.

Nikamuuliza mke wangu kama naye alidhani ni mchezo. Akanishangaa. Akasema kaka yake alipoweka karatasi mezani, yeye alisoma gofu, na kwake gofu ni moja tu, hili la dirishani. Akadhani nimetengeneza karatasi moja, ya kwake, na nimempa kaka yake kwa sababu naona aibu kuingia. Wote waliona fimbo na mipira. Ni yeye peke yake aliyenielewa.

Nilitakiwa kusema ndiyo. Neno moja fupi. Badala yake nikamwambia kwamba nilitoa nakala mia.

Akapangusa vikombe vyote viwili, akashuka na kaka yake.

Jumapili, 9 Machi

Majuto ni mjukuu, walisema wahenga. Mimi nina wajukuu tele na sina hata mtoto.

Nimefagia nyumba nzima. Sungura nimewagawa. Godoro nimelishona, nikaligeuza, tundu sasa liko upande wangu. Shemeji amerudi kuniita huyu bwana, tena kwa mkazo. Anasema mkurugenzi anaingia ofisini akichechemea na hamsemeshi.

Nilisimama dirishani jikoni. Gofu lile pale. Sikuwahi kuona kwamba mtu akiosha vyombo ndicho kitu pekee anachokitazama. Ameosha vyombo hapa miaka mingapi, mke wangu, akilitazama? Roho imeniuma, sina mzaha.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwake bila mpango. Nimebisha hodi, nimekaribishwa, nimekaa ukingoni mwa kiti kama mposaji. Nikasema nyumba ni baridi. Hilo tu ndilo lililotoka.

Akasema kwamba kule juu kuna kitu hajakiona: kisima cha nyuma, kinyozi aliogopa upupu. Akasema Jumapili mchana atanisubiri pale chini mlimani. Mimi na yeye, basi. Atakuja na chai, na atakuja na begi la kijani. Tukipanda pamoja tukashuka pamoja, begi litakwenda nyumbani. Nisipotokea, litajua njia ya kurudi lilikotoka.

Nimeapa mbele yake. Hakuna tangazo, hakuna mgeni, hakuna mpango. Akaniambia nisiape, nije tu.

Jumapili, 16 Machi

Nimeoga mapema, nimepiga pasi shati. Nimepitia kibandani kuchukua mwavuli tu, jua kali, nimfunike.

Simu ikalia. Mkurugenzi! Amewasimulia wenzake klabuni jinsi alivyotumbukia, wamecheka mpaka wakakaa chini, na sasa wanataka kuja wote kujaribu gofu ya kwenye gofu. Klabu nzima! Anaomba tangazo la kubandika ukutani kwao, na dereva wake yuko njiani kulichukua. Akasema hata shemeji amesamehewa, kwa vile ndiye aliyemleta. Mke wangu atafurahi akisikia. Ni kwa ajili ya ndugu yake vilevile.

Ni karatasi moja tu. Sijavunja kiapo, nimeapa kuhusu leo na hili ni la Jumamosi ijayo. Na lazima niharakishe, kinyozi amezima mashine yake ya kunyolea, ameweka sikio kwenye mbao, kesho atasema babu wa babu yake alikuwa mchezaji.

Nimeandika kwa herufi kubwa: MASHIMO. Mashine imekula upande wa kushoto. SHIMO. Haidhuru, wataelewa.

Ukisimama mlangoni mwa kibanda unaona chini ya mlima. Kuna mtu amesimama pale na begi la kijani. Alikuwa ameliweka chini. Sasa ameliokota.

Karatasi imekwama. Naandika haya huku mashine ikipoa. Nimemtumia ujumbe atangulie kidogo, nitamkuta juu. Kisima kiko pale pale, hakikimbii.