Kiuno Changu na Vyakula Vyako Kumi na Viwili

Winnipeg,
Jumatano, 10 Januari

Kwa Mama Mkwe, Bi. Paraskevia Hnatiuk,

Shikamoo, Mama. Binti yako Larysa na mimi hatujambo. Ninakuandikia kwa sababu kila nikifungua kinywa kukueleza jambo hili, wewe unakijaza.

Kama ujuavyo, karakana yetu ya vyuma ilipofungwa nilikwenda kutafuta riziki kwenye uanamitindo. Mikono yangu ilikataliwa kwa ajili ya kovu la mashine. Uso wangu ulijaribiwa kwenye tangazo la suti za harusi, mpiga picha akasema unafaa zaidi bima ya mazishi. Ndipo kiwanda cha suruali za kazi kiliponipima na kukuta kwamba mimi ndiye namba thelathini na sita kamili, kiuno hadi mapaja. Sipigwi picha. Kila Ijumaa nasimama, nakaa, nachutama, nasema wapi panabana; fundi Noreen anachomeka pini, na suruali zote za namba hiyo zinakatwa kunifuata mimi. Nina miaka hamsini na mitatu na sijawahi kuambiwa niko kamili. Kazi hii naipenda, Mama. Lakini mkataba unaniruhusu kuzidi nusu inchi tu.

Kwa heshima zote, malalamiko yangu ni haya:

1. Mkesha wa Krismasi yenu ya Kiukraine, tarehe sita mwezi huu, nilionja vyakula vyote kumi na viwili kama mila inavyotaka. Tatizo ni kwamba kuonja kwako ni sahani nzima. Pirohi, zile sambusa zenu za kuchemsha zenye viazi, nilizihesabu hadi kumi na tisa, nikaacha kuhesabu; kula sikuacha. Nilipokukumbusha kuwa hata siku iliyotangulia nilishiba kwako, ulijibu, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Hebu lete sahani hiyo."

2. Uliwaambia akina mama wa kanisani, nami nasikia: "Mkwe wangu siku hizi modo, jamani. Modo gani huyu, tumbo linatangulia, mwenyewe anafuata nyuma." Wakacheka mpaka Bi. Odarka akapaliwa. Niliumia sana. Kisha wakaniongezea kabeji.

3. Ndoo za aiskrimu unazompa Larysa. Tunazo saba, zote zimejaa viporo vyako, na hakuna hata moja yenye aiskrimu.

4. Hili si langu peke yangu. Nikinenepa inchi mbili, thelathini na sita ya nchi nzima itanenepa inchi mbili. Wanaume kutoka hapa hadi Halifax wataivaa, itawaingia kwa raha, watadhani wamepungua, na kwa furaha hiyo wataongeza sahani. Watakaponenepa, nami nitakuwa nimeshawatangulia. Baada ya miaka kumi itabidi milango ya mabasi ipanuliwe. Wakulima, madereva wa malori, mafundi bomba, wote watakuwa wamenenepeshwa na jiko moja la mtaa wa Selkirk. Sidhani kama ungependa kuulizwa hilo siku ya mwisho.

Kwa hiyo naomba nipewe supu ya bitiruti tu, bila krimu, na ndoo zisivuke mlango wetu mpaka Pasaka. Ijumaa napimwa. Nikishindwa, Larysa atarudi kwenye zamu mbili za hospitali. Nimemwona akivua viatu baada ya zamu ya pili, na sitaki kuona tena miguu ile.

Nisalimie Padri, wanakwaya, Bi. Odarka kama amepona koo, na paka wako, ambaye naye amenenepa.

Mkweo mtiifu,
Russell Thorvaldson

N.B. Ijumaa jioni. Barua ilikuwa bado mfukoni nilipopimwa. Nimezidi inchi mbili. Noreen akachomoa pini zote, akaikata upya suruali ya mfano kunifuata nilivyo, kisha akamwita meneja aje aone hasara. Meneja amekuwa namba thelathini na nane tangu alipooa. Akaijaribu, lebo bado ikisema thelathini na sita, zipu ikapanda, akajigeuza mbele ya kioo mara tatu. Wanaume wa ofisini wakapanga foleni. Mwishowe akasema, "Huyu asiguswe. Abaki hivi hivi," akaniuliza huwa nakula wapi. Nami nikaivaa. Mama, najua ilivyopanuliwa, nilikuwa ndani yake. Hata hivyo nilipojitazama niliona kabisa kwamba nimepungua. Jumapili nitakuja na njaa.