Maktaba Yangu na Birika la Sista

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi nimepeleka vitabu kwenye ukuta wa nyuma ya stendi ya mabasi. Ndiko wanakolala wasomaji wangu. Baiskeli imejaa: sanduku dogo mbele, kubwa nyuma, mimi katikati jasho linanitiririka. Nikapiga kengele. Hakuna aliyegeuka. Wote walikuwa kwenye foleni ya Sista.

Sista ni muuguzi mstaafu. Ana birika la chai, bandeji, na sauti ya kuamrisha. Alikuja pale ukutani baada yangu. Nasisitiza, baada yangu. Leo kaniambia nisogeze baiskeli, naziba njia. Mimi, mwenye maktaba!

Aliyenijia ni Konda peke yake. Alikuwa kondakta wa mabasi ya masafa marefu, mpaka alipovunjika mguu na kazi ikaota mbawa. Anasoma riwaya ya upelelezi taratibu, kama mtu anayeogopa itaisha. Anakohoa. Akaniomba nisije nikamwambia muuaji ni nani. Nikamtoa wasiwasi: sijaisoma. Sijasoma hata kimoja kati ya hivyo vitabu.

Jumanne, 5 Machi

Na mimi nimeleta chai. Tuone watapanga foleni wapi.

Chupa ya chai ya dada yangu, niliyoichukua bila kumwambia, niliifunga juu ya sanduku la nyuma. Kifuniko hakikukaza. Kwenye kona ya stendi chai yote ikamwagikia kamusi, na nilipojaribu kuidaka ikaniunguza mkono.

Sista ndiye aliyenifunga bandeji. Mbele ya watu. Kanifunga vizuri, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda ofisi za manispaa. Nikamweleza afisa, kwa upole, kwamba nyuma ya stendi kuna mtu anatibu watu na kugawa chai bila kibali, na kwamba mahali penyewe si pasafi. Jina la mtu sikulitaja. Ukuta niliutaja.

Afisa akanishukuru, akasema watafuatilia. Nimerudi nyumbani mwepesi kama unyoya.

Alhamisi, 7 Machi

Wamefuatilia.

Nilipofika, ukuta ulikuwa mtupu. Askari wa manispaa walikuwa wanaumwagia maji. Maboksi ya kulalia, mablanketi, masufuria, vyote vilikuwa vimepakiwa kwenye lori. Watu wamefukuzwa, hakuna anayejua wameelekea wapi. Kandambili moja ilikuwa inaelea kwenye mfereji.

Nikauliza kuhusu vitabu walivyoazima. Askari akasema wao hawachambui takataka. Akasema pia kwamba walipata taarifa kutoka kwa raia mwema, na laiti wangekuwa wengi kama yeye. Nikageuza baiskeli.

Chakula cha jioni nimekiacha. Dada kauliza nina nini. Nikamwambia tumbo. Si tumbo.

Ijumaa, 8 Machi

Sista amekuja mpaka mlangoni kwetu. Aliulizia njiani mtu wa baiskeli yenye kengele ya kuudhi, akaelekezwa moja kwa moja.

Kumbe tangu jana anawatafuta watu wake. Kawakuta ng'ambo ya reli, kwenye jengo ambalo halijaezekwa. Mvua imewanyeshea usiku kucha. Konda hawezi kusimama, homa imepanda, anahema kwa shida. Madereva wa teksi wamekataa kumpakia.

“Mdogo wangu,” akasema, akilionyesha sanduku la nyuma la baiskeli, “toa vitabu humo.”

Nikaanza kumweleza kwamba vimepangwa kwa alfabeti. Tayari alikuwa anavitoa. Nikasaidia. Dada akaleta blanketi lake zito, bila kuulizwa.

Tulimlaza Konda ndani ya sanduku la nyuma, magoti juu. Mimi nakanyaga pedali, Sista anasukuma. Mlimani nilimsikia anapumua kwa nguvu, mama mzima na viatu vyake vya kanisani. Hakusema tupumzike.

Kwenye tuta Konda akafumbua macho, akaanza kutangaza vituo. “Sokoni, wa sokoni wajiandae. Mama, shika mtoto.” Nikacheka. Kisha barabara ikawa haionekani vizuri. Sista akaniambia nifute uso, kuna mashimo mbele.

Kwenye geti la hospitali Konda akasema kwa sauti ndogo, “Mwisho wa gari. Msisahau mizigo.”

Ni nimonia. Mapokezi wakauliza ndugu yake ni nani. Sista akaninyooshea kidole: kaka yake huyu. Basi nikasaini kama kaka.

Tukiwa kwenye benchi, Sista akasema askari wamemwambia kuna raia mwema aliyepeleka taarifa, na angependa sana kumjua. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumapili, 10 Machi

Konda amepata nafuu. Anakaa mwenyewe, na uji anaumaliza.

Njiani niliamua kwamba leo namwambia Sista kila kitu. Niliyapanga maneno kabisa, na kuomba radhi ndani yake.

Nikamkuta kando ya kitanda, anamsomea Konda kitabu. Si changu. Kipya, kina mpaka jalada. Wodi nzima imetulia inasikiliza, hata yule aliyetundikwa mguu. Konda akaninong'oneza kwamba Sista ana sauti nzuri ya kusoma, akauliza kama nitajisikia vibaya. Nikasema hata kidogo.

Halafu Sista akanieleza, uso unang'aa, kwamba atawaomba marafiki zake vitabu zaidi. Kabati dogo hapa wodini. Kabati. La vitabu.

Maneno yangu nikayaacha yalipo, nikaaga.

Wakati wa kutoka nikapita ofisi ya mkuu wa wodi. Mlango ulikuwa wazi. Nikamuuliza tu, kama mtu anayejali afya za wagonjwa, kama anajua kitabu kimoja hubeba vumbi kiasi gani.

Akanivutia kiti.